Yamechafuka, Yamechafuliwa

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini jicho lako limepona baada ya upasuaji, na kwamba wenzako wa kiwanda cha uchapaji wamekuhurumia na kuacha kukuletea miswada ya herufi ndogo. Sisi tupo. Kaka amepata kazi ya kuendesha lori la saruji, kwa hiyo nyumba imebaki na wanawake wawili. Mama anakusalimu. Kwa kweli hakukusalimu. Nilipomwambia kwamba nakuandikia, alisema, "Mwandikie," akaendelea kuanika nguo. Wewe unamjua dada yako kuliko mimi. Pima mwenyewe kama hiyo ni salamu.

Sasa nilichokusudia. Jumamosi mimi na vijana wenzangu wa mtaa tulionyesha filamu katika ukumbi wa shule ya msingi, saa tisa alasiri, madirisha tumeyaziba kwa maboksi. Filamu yenyewe inahusu mji wa mbali wenye kiwanda cha kutia nguo rangi kama chetu. Wenyeji wa huko walichimba mabwawa matatu ya kina kifupi, wakatandaza kokoto na mchanga, wakapanda matete. Maji ya kiwanda hupita humo taratibu kabla ya kuufikia mto, na mizizi ndiyo inayoyasafisha. Hakuna mtambo wala umeme. Nimesomea usanifu wa majengo miaka mitano, mjomba, na sijaona jengo lililonipendeza kama madimbwi yale. Nimekwisha kuchora ya kwetu.

Lakini tulichekwa. Skrini yetu ni lile shuka kubwa la mama. Alikuwa amelifua asubuhi kwa maji ya kisima, na wiki ile kiwanda kilikuwa kikitia nguo rangi ya manjano. Basi maji safi ya wenzetu yakaonekana kama mkojo. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Kumbe na wao wanaumwa," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Kisha nikamtazama mama, nikaona ameificha mikono chini ya mtandio.

Imebabuka hadi kwenye viwiko. Daktari wa zahanati amemwambia asiyaguse tena maji ya kisima. Yeye ni dobi. Ni kama kukuambia wewe usisome tena, na bomba la maji ya mji halijafika mtaani kwetu.

Mwezi wa Juni baraza la mji litaamua kuhusu mfereji mpya wa kiwanda. Utamwaga maji hatua arobaini juu ya kisima alichokichimba babu. Tunataka kiwanda kilazimishwe kujenga mabwawa ya matete kwanza. Kwa hiyo tunatengeneza filamu yetu wenyewe, na barazani tutaionyesha. Nimeambatanisha maelezo yatakayosomwa ndani yake. Tafadhali yasahihishe, kama ulivyokuwa ukizisahihisha barua zangu nikiwa shuleni.

Mpwa wako,
Msanifu


26 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Jicho linaendelea vizuri; la pili litapasuliwa baadaye. Binamu yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa, na tangu hapo hakuna aliyelala katika nyumba hii. Mpe kaka yako pongezi zangu na umkumbushe kwamba lori halina haraka. Mwenye haraka ni dereva.

Nimesoma maelezo yako. Makosa ni kumi na manane, na nimeyawekea alama nyekundu. Umeandika "mto huu imekauka". Mto ni mmoja, na umoja wake ni "umekauka". Umeandika "chanzo mbalimbali". Kikiwa kimoja hakiwezi kuwa mbalimbali. Umemaliza aya ya tatu kwa alama tatu za mshangao. Moja hutosha, na mara nyingi hata hiyo moja ni ya ziada. Mtu mwenye hoja hapigi kelele.

Kosa la kumi na nane ndilo kubwa. Sentensi yako ya kwanza inasema: "Maji yetu yamechafuliwa na kiwanda." Nimeibadilisha iwe: "Maji yetu yamechafuka." Kauli ya kutendwa humdai mtenda. Kauli ya kutendeka hutaja hali peke yake na kuishia hapo. Mtenda asiyethibitishwa hatajwi. Taarifa haishtaki. Hiyo ndiyo kanuni niliyofundishwa, na imenifaa.

Kuhusu mama yako, kwangu kuna chumba kitupu. Mwambie.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa kupata mjukuu. Kaka ameambiwa maneno yako juu ya lori, akacheka, kisha akagonga lango la bohari siku hiyohiyo.

Asante kwa masahihisho. Kumi na saba nimeyakubali. La kumi na nane nimelikataa, na nitakueleza sababu.

Karatasi zako zilikuwa mezani. Mama akaja na pasi, akaziona alama nyekundu, akasimama kuzisoma. Alipofika kwenye sentensi ya kwanza, aliirudia kwa sauti ya chini: "Yamechafuka." Akacheka mara moja, kicheko cha puani. Akasema, "Bwana Nukta ni yuleyule." Sikujua kama una jina hilo. Kisha akaiweka pasi juu ya karatasi, na alipoiinua, neno lako lilikuwa limeungua.

Nilimweleza habari ya chumba. Alikunja shati lililofuata. Nikamuuliza kwa nini hujatutembelea kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa nini yeye hajaja kwako hata ulipofiwa na mkeo. Alisema, "Muulize mwenye kalamu."

Basi nakuuliza.

Mpwa wako


18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hukunijibu. Nimejiambia kwamba posta imeipoteza barua yako, ingawa posta haijawahi kupoteza barua yako hata moja.

Tumetoka barazani juzi. Filamu yetu ilionyeshwa, dakika kumi na tisa, kwenye shuka lilelile, ambalo safari hii lilikuwa na buluu kidogo. Fundi wa projekta alifanya kazi yake vizuri. Walionyeshwa kijito, kisima na mikono ya mama. Nikaeleza mchoro wa mabwawa, ambao nakala yake nimekuambatanishia: upana, mteremko, siku tatu za maji kupita kwenye matete. Wajumbe walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuafiki. Mmoja aliuliza kama matete hayohayo yanafaa kuezekea, nikajua tumemkamata.

Kisha akasimama wakili wa kiwanda na jalada la zamani mkononi. Mwaka ule kiwanda kilipofunguliwa, alisema, baraza liliunda kamati ya uchunguzi, na watu thelathini na mmoja wa mtaa wetu walitoa ushahidi. Akasoma. Kila mmoja alisema, "Maji yamechafuka." Wote. Hakuna hata mmoja aliyetaja kiwanda. Akafunga jalada akasema, "Waheshimiwa, wazee wao wenyewe walisema yamechafuka. Hawakusema yamechafuliwa." Akakaa. Wajumbe wakaacha kuafiki.

Shahidi wa nane ni mama. Njiani kurudi tulipitia kisimani. Hapo akasema, "Mimi sijawahi kulitumia neno hilo maishani mwangu. Nilisema, wametuchafulia maji."

Wametuchafulia. Wao, sisi, maji, vyote ndani ya neno moja. Ungempa alama zote, mjomba.

Nimepata nakala ya jalada na nimeisoma mara nne. Mashahidi wale ni madobi, wachota maji na mafundi viatu. Mzee aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni, yule aliyekufa nikiwa mdogo, hakujua kusoma. Lakini katika ushahidi wake kuna nukta-mkato mbili, na zote zimekaa mahali pake. Katika ushahidi wa wote thelathini na mmoja hakuna ngeli iliyokosewa. Nani aliufundisha mtaa mzima nukta-mkato?

Jina la karani halimo. Nimelipinga jalada hilo, na baraza limeahirisha uamuzi hadi tarehe 14 Novemba, na limesema litapokea kitu kimoja tu: maneno ya awali, kama yapo, pamoja na kauli ya aliyeyaandika.

Unamjua karani huyo?

Mpwa wako


30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Jicho la pili limepasuliwa na nilikatazwa kusoma kwa majuma sita. Mjukuu ameota jino. Kazini wametuletea kamusi ya kusahihisha, kurasa mia saba, na anayeisimamia hajui tofauti ya "dhamana" na "thamani".

Umefanya vizuri kuufuatilia mteremko wa mabwawa. Maji yakikimbia, mizizi haina nafasi. Nimeutazama mchoro wako kwa kioo cha kukuzia, na nadhani bwawa la pili limesogea mno kwenye njia ya watembea kwa miguu.

Kuhusu karani: karani hana jina. Kazi yake ni kuandika aliyoelekezwa kuandika, kwa lugha sahihi. Anayetafuta jina la karani katika taarifa ni sawa na anayemtafuta fundi wa meza kabla ya kula.

Nimemtumia mama yako jozi tatu za glavu za mpira. Zinafika mpaka begani. Azivae.

Mjomba wako


15 Septemba

Mjomba,

Glavu zimefika. Mama alizipokea, akazigeuza, akaenda nazo kisimani. Alizijaza maji, akazifunga kwa kamba, akazitundika kwenye waya wa kuanikia, mikono sita ya mpira ikining'inia kama viwele. Wiki hii kiwanda kinatia nyekundu. Tumeipiga picha. Itakuwa mwanzo wa filamu, kwa hiyo zawadi yako haikupotea.

Sina maneno ya kuzunguka tena. Kucha mbili za mkono wa kulia zimedondoka. Anafua kwa mkono wa kushoto na kusema hajambo. Wateja wameanza kuondoka mmoja mmoja kwa sababu mashati yanarudi na rangi. Mchanga wa mfereji umeshamwagwa kando ya uzio wetu kabla hata ya uamuzi. Tumekwenda kwa mkuu wa shule, kwa daktari, kwa mjumbe yule wa matete; kila mmoja anasema filamu ni nzuri. Imekuwa kama ugonjwa, kusifiwa huku. Tumeionyesha mara kumi na moja. Watu wanalia, wanakung'uta viti, wanakwenda nyumbani kuchota maji yaleyale.

Hiki kisima alikichimba baba yako. Mama anasema wewe ndiye uliyeteremshwa kwa kamba kuondoa tope la mwisho, kwa sababu ulikuwa mwembamba, na kwamba ulipotoka ulisema maji yana ladha ya jiwe. Nakuuliza mara moja tu, na sitauliza tena.

Ni wewe?

Mpwa wako


10 Oktoba

Mpwa wangu,

Hukuanza kwa shikamoo. Nimeliona hilo, na sikulisahihisha.

Nilikuwa karani wa kamati ile. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri, na niliazimwa kwa wiki tatu. Watu walikuja, wakasema, nikaandika kwa penseli katika daftari. Jioni, katika kunakili kwa wino, ilitokea kwamba maneno yalibadilika. Katibu wa kamati alikuwa ameeleza kwamba taarifa haishtaki, na kanuni hiyo ilionekana kuwa ya busara. Kauli zikarekebishika. Majina ya watenda yakaondoka. Kufikia shahidi wa tano, mkono ulikuwa umekwisha kuzoea. Shahidi wa nane alipoingia, ilikuwa vigumu kuinua macho.

Baadaye nafasi ilipatikana hapa kiwanda cha uchapaji, kwa barua ya katibu yuleyule. Uhusiano na dada yangu ukavunjika. Makosa yalifanyika, na nimesikitika kwa miaka yote hii.

Daftari la penseli lipo. Halikutupika. Limekaa.

Waweza kuipeleka barua hii barazani, ikikufaa.

Mjomba wako


19 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Ninakurudishia barua yako.

Nilimsomea mama. Aliniambia nimletee ile kalamu nyekundu uliyonipa nilipofaulu darasa la saba. Haiwezi kukaa vidoleni mwake sasa, ikabidi niifunge kwa kitambaa. Alama unazoziona ni zake. Zimepinda, lakini utazitambua, maana ni wewe uliyemfundisha kuandika kwa kijiti kwenye majivu ya jiko.

"Maneno yalibadilika." Amepiga mstari, na pembeni ameandika: na nani?

"Kauli zikarekebishika." Na nani?

"Makosa yalifanyika." Na nani?

"Uhusiano na dada yangu ukavunjika." Hapa hakuandika kitu. Alichora nukta tu, akaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Nilimsihi tuipeleke ilivyo. Nilipiga magoti, mjomba, msanifu mzima, kwenye sakafu yenye sabuni. Nilimwambia siku zimebaki ishirini na sita. Alisema, "Wakili ataisoma na kusema, hata huyu naye hataji aliyeyabadilisha." Nikafikiri nikaona ana haki. Barua yako ina kasoro ileile ya jalada. Umeturudishia jalada.

Tunaomba vitu viwili. Daftari. Na barua hii, iandikwe upya kwa kauli ya kutenda. Tuma kwa basi, usitume kwa posta.

Mpwa wako


1 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nimeandika rasimu saba. Hii ndiyo fupi kuliko zote.

Mimi nilikuwa karani. Mashahidi thelathini na mmoja walisema kwamba kiwanda kinawachafulia maji. Niliyabadilisha maneno yao. Katibu aliniomba, lakini hakunishika mkono. Niliandika "yamechafuka" mara thelathini na moja, na nilijua kila mara kwamba ninasema uongo kwa sarufi sahihi. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kuondoka, na nikaondoka. Shahidi wa nane ni dada yangu. Alisema, "Wametuchafulia maji," akanitazama, nami nikamwandikia neno ambalo hakulisema.

Daftari ninalituma leo kwa basi la asubuhi, mkononi mwa dereva. Limo katika mfuko wa nailoni, penseli haijafutika. Tarehe 14 nitakuja mwenyewe. Nitasimama.

Mwambie dada yangu kwamba nimesahihisha.

Mjomba wako


16 Novemba

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekupigia simu mara nyingi kwenye kiwanda cha uchapaji. Wanasema umelazwa kwa ajili ya jicho na kwamba hutaruhusiwa kusafiri mpaka Desemba. Basi ninaandika, na binamu atakusomea.

Baraza liliuwahisha uamuzi. Tangazo lilibandikwa mlangoni Ijumaa, kikao kikafanyika Jumanne, tarehe 3. Daftari lilifika Ijumaa ya tarehe 6, dereva alikuwa ameharibikiwa na basi njiani. Kama ungelituma pamoja na barua ya kwanza lingewahi. Sikuandikii kukulaumu. Ninaandika kwa sababu tulikubaliana kutaja watenda.

Mfereji umeidhinishwa. Kuhusu mabwawa, uamuzi unasema: "Yatafikiriwa." Na nani, hawakusema. Nimekata rufaa ngazi ya juu, nimeambatanisha barua yako na nakala ya daftari. Wamenipa karatasi yenye mhuri na hakuna tarehe. Jana walianza kuchimba. Mashine iko kwenye uzio wetu ninapoandika, na glasi ya maji mezani inatetemeka.

Tarehe 14, siku uliyosema utakuja, tulifungua ukumbi hata hivyo. Tuliziba madirisha kwa maboksi. Fundi wa projekta alikuwa amepiga picha kurasa zote za daftari, tukazionyesha kwenye shuka badala ya filamu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, penseli yako ikiwa kubwa kama mtu. Hakuna aliyecheka. Kila ukurasa ulipotokea, mtu wa familia ya shahidi huyo alisimama akausoma. Binti wa muuza maji alisoma maneno ya baba yake: "Hawa wamemwaga kinyesi chao kwenye ndoo yangu, kisha wananiuliza kwa nini ninanuka." Hamna nukta-mkato. Alirudia kusoma, akaomba ukurasa usiondolewe kwanza.

Shahidi wa nane alisoma mwenyewe. Alisimama karibu mno na shuka, hata maandishi yakamfunika uso. Alisoma neno moja moja, kama ulivyomfundisha: wa-me-tu-cha-fu-li-a. Alipomaliza hakukaa. Alibaki amesimama ndani ya mwandiko wako mpaka fundi akabadilisha ukurasa.

Leo asubuhi nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia. Mikono yote miwili imefungwa bendeji, hawezi kushika kalamu, kwa hiyo ameniamuru niandike kama alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Anasema: "Mwambie kaka sentensi sasa ni sahihi. Maji bado."

Mpwa wako